Sura ya Sita: Kwa Nini Mwanangu Yuko Benchi?

Popote penye kikapu na kundi la watoto, yuko mzazi mwenye swali hili. Huliuliza mechi ikiisha, kwa sauti ya chini, watoto wakiwa bado wanatafuta sweta zao pembeni mwa uwanja. "Papa kocha, mtoto amekosa nini?" Jibu nalo huwa fupi: "Hajakosa kitu, Mama. Bado hajakomaa tu."

Jibu hilo ni la upole, lakini linaacha swali lingine wazi. Mtoto atakomaa wapi, kama si uwanjani?

Kwa familia za Kivu ya Kaskazini, kuanzia Kanyabayonga hadi Butembo na Beni, swali hili lina uzito wa pekee. Viwanja vya basketi ni vichache, na vingi viko kwenye shule na parokia. Eneo lote liko karibu na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni. Mtoto anayetoka shule mchana, akapita nyumbani kusaidia kazi, hubakiwa na saa moja au mbili za mwanga. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, katika jimbo ambalo safari yoyote hupangwa kwa kuuliza kwanza habari za usalama. Mtoto akilipiwa nauli kwa safari hiyo, akavaa jezi, akakaa benchi mechi nzima, familia ina haki ya kuuliza amepata nini.

Sura hii inajibu swali hilo kuanzia kwenye hesabu, kisha inaeleza kwa nini makocha wazuri pia hukosea, na mwisho inapendekeza kanuni ambayo klabu ndogo inaweza kuiandika kwenye karatasi moja.

Dakika 200 za kugawana

Mechi ya basketi kwa kanuni za FIBA, yaani shirikisho la dunia la mchezo huu, ina robo nne za dakika 10 kila moja. Jumla ni dakika 40. Kila timu ina wachezaji watano uwanjani. Zidisha 40 kwa tano, utapata 200. Hizo ndizo dakika za kucheza ambazo kocha anazo mkononi: muda wote ambao watoto wake watakuwa ndani ya mistari saa ya mchezo ikihesabu.

Kikosi cha watoto 10 kikigawana sawasawa, kila mmoja anapata dakika 20. Kikosi cha watoto 12, ambacho ndicho kikosi kamili, kinampa kila mmoja karibu dakika 17. Kwa hiyo nafasi ya kila mtoto kucheza muda wa maana ipo tangu mwanzo. Inapotea pale kocha anapowaacha watano wale wale kwa dakika 35, na saba waliobaki wakagawana dakika 25.

Tazama kinachotokea kwa msimu mzima. Mtoto wa kwanza anacheza dakika 35 kila mechi, wa pili dakika mbili. Baada ya mechi 10, wa kwanza amecheza dakika 350, wa pili 20. Wa kwanza amepiga mitupo mingi, amekosea, amesahihishwa, amezoea kelele za watu. Wa pili kila akiingia anaogopa kugusa mpira, kwa sababu anajua kosa moja litamrudisha alikotoka. Msimu ukiisha kocha anawalinganisha, na kwa uaminifu kabisa anasema wa kwanza ni bora. Amesahau kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ameitengeneza mwenyewe.

Mchezo uliobuniwa ili darasa zima licheze

Desemba 1891, mwalimu James Naismith aliyefundisha Springfield, Massachusetts, huko Marekani, alikuwa na vijana waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya kuwekea matunda ya pichi, akaandika kanuni 13, akawaita vijana wake. Darasa lilikuwa na wanafunzi 18. Mechi ya kwanza ikachezwa kwa timu mbili za watu tisa tisa. Hakuna aliyebaki nje.

Idadi ya wachezaji watano kila upande ilikuja baadaye, na benchi likaja nayo. Kwa watu wazima wanaolipwa, hilo ni jambo la kawaida. Lakini ukikumbuka kwamba mchezo ulianza kama dawa ya darasa zima, inakuwa vigumu kusema kwamba kumchezesha kila mtoto ni kuuharibu.

Mwaka 1950 Mmarekani Jay Archer alianzisha mchezo wa watoto ambao leo unajulikana duniani kama mini-basketi. Hiyo ni basketi iliyopunguzwa kulingana na mwili wa mtoto: kikapu kiko mita 2.60 kutoka chini badala ya mita 3.05, na mpira ni mdogo na mwepesi. Mtoto wa miaka tisa anayeshindwa kufikisha mpira kwenye kikapu cha watu wazima mara nyingi huitwa dhaifu. Kikishushwa kikapu, udhaifu huo nao hutoweka.

Nani anamjua nyota wa kesho?

Kocha anayewapa dakika zote watoto watano huwa anaamini kwamba ameshawatambua wenye kipaji. Historia ya mchezo huu barani Afrika inampa sababu ya kusita.

Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966, alipenda mpira wa miguu na akaanza basketi akiwa kijana mkubwa tayari. Alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari. Baadaye alicheza misimu 18 katika NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na mara nne akatangazwa mlinzi bora wa mwaka. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza basketi akiwa na miaka 15. Mwaka 2009 akawa chaguo la pili katika uteuzi wa NBA, yaani siku ambayo klabu za ligi hiyo huchagua kwa zamu wachezaji wapya. Wakiwa na miaka 12, hakuna kati ya hao wawili ambaye angeonekana kwenye kikosi cha kwanza cha timu yoyote.

Habari ya Thabeet ina sehemu ya pili. Klabu yake ya Memphis ilipoona hapati dakika za kutosha, Februari 2010 ilimpeleka kwa muda kwenye ligi ya chini, timu ya Dakota, ili acheze. Klabu tajiri, yenye makocha wengi na viwanja vya kifahari, iliona kwamba mazoezi peke yake hayamkuzi kijana.

Michael Jordan mwenyewe alipitia njia kama hiyo. Mwaka 1978, katika shule ya Laney mjini Wilmington, hakuchukuliwa katika timu ya kwanza. Mwenzake aliyekuwa mrefu zaidi ndiye aliyepewa nafasi. Watu wengi husimulia kisa hiki kama habari ya kijana aliyekataliwa akalia kisha akashinda. Wanachosahau ni kwamba Jordan aliwekwa katika timu ya pili ya shule, na huko alicheza kweli kweli mwaka mzima. Angewekwa timu ya kwanza na kukaa benchi, asingepata mwaka huo wa kujifunza.

Kuna pia suala la tarehe ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule ule huhesabiwa kuwa wa rika moja, lakini wa kwanza amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima wa kukua. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti nchini Kanada waligundua kwamba miongoni mwa wachezaji wa hoki ya barafu waliofika mbali, waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi. Tangu hapo jambo hilo limeonekana katika michezo mingi ya vijana. Makocha walidhani wanachagua kipaji, kumbe mara nyingi walichagua aliyetangulia kukua.

Kongo, watoto wengi hawana hata cheti cha kuzaliwa. Umri hukadiriwa kwa macho, kwa darasa, au kwa maneno ya mzazi. Mtoto anayeonekana mwenye nguvu huenda amewazidi wenzake miaka miwili. Kumpa yeye dakika zote na kuwanyima wadogo ni kujenga timu juu ya faida ambayo itaisha siku wadogo watakapomfikia kimo.

*Kwa ufupi:*
- Dakika za mechi ni sehemu ya mafunzo, hazipaswi kuwa zawadi ya aliyekwisha kufunzwa.
- Kimo na nguvu za mtoto wa miaka 11 hazisemi atakuwa nani akifika miaka 18.
- Afadhali timu ya pili inayocheza kuliko benchi la timu ya kwanza.

Kijana wa Goma na dakika zake

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002. Alikwenda Marekani mwaka 2016, na mwaka 2021 klabu ya Golden State Warriors ikamchukua akiwa chaguo la saba. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa NBA. Kwa watoto wa Kivu ya Kaskazini hakuna jina la basketi lililo karibu zaidi na nyumbani.

Hata yeye amepitia shida ya benchi. Januari 2024 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba hakuridhika na dakika alizopewa na kocha Steve Kerr. Katika mechi za mtoano za mwaka 2025 kuna siku alizokaa benchi bila kuingia kabisa. Kisha nyota wa timu, Stephen Curry, akaumia, Kuminga akapewa nafasi, na tarehe 10 Mei 2025 akafunga pointi 30 dhidi ya Minnesota.

Kerr hakuwa na wajibu wa kumgawia kila mtu dakika sawa. Wachezaji wake ni watu wazima wanaolipwa, na kazi yake ni kushinda. Lakini kisa hiki kinaonyesha mambo mawili. Kwanza, kukaa benchi humuuma hata bingwa anayelipwa mamilioni. Basi mtoto wa miaka 10 asiambiwe kwamba analia kwa jambo dogo. Pili, timu isiyowazoesha wachezaji wake wa benchi hujikuta imekwama siku nyota akiumia. Katika basketi siku hiyo huja mara nyingi, kwa kuwa mchezaji akifikisha makosa matano hutolewa na harudi tena. Kocha wa watoto aliyewategemea watano tu, wawili wakitolewa, hulazimika kuingiza watoto ambao hakuwahi kuwaandaa.

Wengine wamefanyaje?

Nchi kadhaa hazikuacha jambo hili kwenye moyo wa kocha. Zimeliandika.

Uhispania, katika mini-basketi, mechi hugawanywa vipindi sita. Katika vipindi vitano vya kwanza kila mtoto lazima acheze angalau viwili na apumzike angalau viwili. Kipindi cha mwisho kocha yuko huru zaidi. Hakuna anayeweza kudai kwamba kanuni hiyo imeua ushindani: Uhispania ilikuwa bingwa wa dunia wa wanaume mwaka 2006 na tena 2019.

Norway ina kanuni maalumu za michezo ya watoto tangu 1987. Majedwali ya msimamo huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na ubingwa wa taifa mwaka ambao anatimiza 13. Marekani, NBA na shirikisho la basketi la nchi hiyo wametoa mwongozo wa pamoja unaopendekeza dakika sawa kwa watoto wadogo, na kumpa kocha uhuru zaidi wanapokaribia ujana.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yenyewe iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinataja haki ya mtoto ya kucheza. Mwaka 2009 nchi ikapitisha sheria ya ulinzi wa mtoto. Hakuna hakimu atakayehesabu dakika za mechi ya Jumamosi, lakini klabu inayotafuta msingi wa kanuni zake haihitaji kwenda mbali.

Hoja za kocha

Makocha wengi wa miji hii hujitolea. Wanastahili kusikilizwa, na hoja zao si nyepesi.

*"Tukifungwa, wazazi watawaondoa watoto."* Wengine wataondoka, ni kweli. Lakini klabu inayochezesha watano hupoteza watoto kimya kimya kutoka benchi: leo mmoja haji mazoezini, wiki ijayo wawili, na hakuna anayekuja kuaga.

*"Wenye bidii wataonewa."* Bidii izawadiwe, ila juu ya kiwango cha chini ambacho kila mmoja anacho. Hesabu yake iko mwishoni mwa sura.

*"Anayechelewa mazoezi asicheze."* Hapa kocha aangalie anamwadhibu nani. Katika nyumba nyingi msichana ndiye anayeteka maji, anayepika na kubeba mdogo wake kabla ya kuruhusiwa kutoka. Kanuni ya kuchelewa inayoonekana sawa kwa wote huwaangukia wasichana kuliko wavulana. Njia bora ni kuuliza sababu, kuzungumza na mama yake, na kusogeza saa ya mazoezi ikiwezekana.

*"Watoto bora watachoka kucheza kidogo."* Mara nyingi wanachoka kwa kucheza mno. Mtoto anayekua, akiruka dakika 40 kila mechi juu ya sakafu ya saruji, huweza kupata maumivu chini ya goti, pale msuli mkubwa wa paja unaposhika mfupa ambao bado unakua. Kupumzika robo moja au mbili kunamlinda.

Mtoto aliyekuja na vita

Tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Maelfu kwa maelfu ya watu walipanda kaskazini kuelekea Lubero na Butembo, wengine kwa miguu, godoro kichwani. Upande wa Beni, mauaji ya raia vijijini yameendelea tangu 2014, na kati ya 2018 na 2020 eneo hilo hilo lilipita katika mlipuko wa Ebola uliochukua maisha ya watu zaidi ya 2,200.

Watoto wa miji hii hawaji uwanjani wakiwa na mioyo mitupu. Mtoto aliyekimbia anafika katikati ya msimu, hana viatu, hana rafiki, shule yake imevunjika. Kikosi kimeshapangwa. Kwa mantiki ya ushindi, yeye ni wa mwisho katika mstari.

Hapo ndipo ugawaji wa dakika unapokuwa jambo zito kuliko mchezo. Kwa mtoto huyo, dakika tano ndani ya uwanja, jina lake likiitwa, mwenzake akimpa pasi, ni dalili kwamba mji mpya umempokea. Kumweka benchi mwezi mzima ni kumwambia kinyume chake. Klabu za Butembo na Beni zinazopokea watoto wa namna hii zisisubiri msimu mpya. Ziwaingize katika zamu tangu mechi ya kwanza inayowezekana.

Jambo hili ni la usalama pia. Katika jimbo lenye makundi mengi ya silaha yanayowatafuta vijana, kijana aliyeacha timu kwa kuona hana nafasi anarudi barabarani.

Kanuni kwenye karatasi moja

Haki ya dakika hubadilika na umri. Pendekezo ni hili:

1. *Chini ya miaka 10:* dakika sawa kwa wote, kikapu kikishushwa inapowezekana.
2. *Miaka 10 hadi 12:* zamu zilizopangwa kwa robo tatu za kwanza. Robo ya nne kocha achague.
3. *Miaka 13 hadi 15:* kila aliyevaa jezi acheze angalau dakika 10.
4. *Miaka 16 hadi 18:* kocha aamue, lakini amweleze kila kijana sababu, na asiyecheza atafutiwe mechi nyingine wiki ile ile.

Kupanga zamu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Gawa mechi katika vipande vinane vya dakika tano. Kila kipande kina nafasi tano, hivyo jumla ni nafasi 40. Watoto 12 wakipata nafasi tatu tatu, zinatumika 36, na kila mmoja amecheza dakika 15. Nafasi nne zinabaki. Hizo ndizo za kocha kuwapa waliojituma zaidi mazoezini wiki hiyo. Katika kila kipande achanganye wenye uzoefu na wageni, maana watano dhaifu wakiingia pamoja watafungwa na kuamini kwamba wao ndio sababu.

Watoto wakiwa wengi kuliko nafasi, klabu ijaribu basketi ya watatu kwa watatu, ambayo imo katika Olimpiki tangu michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Inachezwa nusu uwanja, kikapu kimoja, dakika 10, kila timu ikiwa na wachezaji wanne. Uwanja mmoja unabeba mechi mbili kwa wakati mmoja: watoto 16, na wanne tu ndio wanaosubiri.

Mambo matatu yaambatane na karatasi hiyo. Isomwe mbele ya wazazi kabla ya mechi ya kwanza, na watoto wakiwepo. Mtu asiyekuwa kocha, labda mama mmoja mwenye daftari, aandike dakika za kila mtoto. Na mzazi mwenye lalamiko asubiri siku ya mazoezi, asimkabili kocha mbele ya watoto mara tu kipenga kinapolia.

Ententi za miji, yaani vyama vinavyosimamia mashindano ya basketi, ndizo zenye uwezo wa kumaliza jambo hili. Klabu moja ikichezesha watoto 12 dhidi ya nyingine inayochezesha watano, ya kwanza itaumia na kukata tamaa. Kanuni ikiandikwa kwa mashindano yote ya watoto, hakuna anayeonewa. Viongozi wa basketi wa Butembo na Beni waiweke kwenye ajenda kabla ya msimu ujao, waanze na watoto wa chini ya miaka 12, na waichapishe mahali ambapo kila mzazi ataisoma.

Mzazi naye asisubiri ententi. Aende kwa kocha siku ya mazoezi, amsalimu, amwombe waketi na wazazi wengine wapange zamu za mechi ijayo kwa kalamu na karatasi.